Kwa Nini Baba Alilijua Gari Lake na Mimi Silijui Langu

Muhula uliopita nilibadilishiwa sensa ambayo haikuwa mbovu. Sensa yenyewe laki moja na ishirini, ufundi elfu thelathini, na baada ya siku tatu gari likarudia yale yale. Mimi ni mmoja wa wale wanafunzi mnaowaona wikendi wakibeba abiria wa mtandaoni ili walipe chumba, kwa hiyo laki na nusu kwangu ni hela ya kukosa usingizi. Lakini kilichoniuma zaidi ni swali la baba kwenye simu: "Walivyokwambia ni sensa, wewe uliona nini?"

Sikuona kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji, nachati.

Baba si fundi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, sasa mstaafu, lakini Corolla yake ya mwaka 1982 aliitunza mwenyewe kwa miaka mingi kwa spana chache, bisibisi mbili na kipande cha msasa. Jumamosi asubuhi alifungua boneti, akatandika gunia chini ya mwarobaini, akapanga vifaa vyake juu ya gazeti. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kushika tochi na kutafuta nati zilizoangukia mchangani. Akimaliza ananawa kwa sabuni ya unga, maana sabuni ya kawaida haitoi grisi.

Basi tangu swali lile nimekuwa nikijiuliza: ilikuwaje mwalimu wa hisabati wa darasa la tano alijue gari lake, na mimi mwenye intaneti nzima mfukoni nisilijue langu? Jibu la haraka tunalopewa na wazee ni kwamba kizazi chetu kivivu. Nimelifuatilia jambo hili, nimeuliza mafundi, nimesoma, na naona mambo hayakwenda hivyo.

Gari lililokuwa linadai kuguswa

Tuanze na injini ya Corolla ile. Ili petroli iwake ndani ya silinda inahitajika cheche ya plagi. Umeme wa cheche hiyo hutoka kwenye koili, na koili hutoa umeme mkali pale tu mkondo unaopita ndani yake unapokatwa ghafla. Kwenye magari ya zamani kazi ya kukata ilifanywa na pointi, yaani vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distribyuta, vinavyogusana na kuachana, vinavyogusana na kuachana.

Piga hesabu kidogo. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika inahitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, sawa na 100 kila sekunde. Ukiendesha saa moja kwa mwendo huo, pointi zimefunguka na kufunga mara 360,000, na kila mara panatokea kacheche kadogo kanakozila. Nafasi kati yake inatakiwa iwe karibu nusu milimita tu. Zikilika, nafasi inabadilika, cheche inakuja wakati si wake, gari linakosa nguvu, linabugia mafuta, asubuhi linagoma kuwaka. Ndiyo maana ya kile kipande cha msasa cha baba. Kila baada ya kilomita elfu chache ilikuwa lazima mtu azisafishe na kuzipima upya. Na mtu huyo hakuhitaji cheti, kwa sababu kazi yote ilikuwa inaonekana kwa macho.

Kabureta nayo hivyo hivyo. Hewa inayovutwa na injini inapitishwa kwenye koo jembamba. Ikipita pale inaongeza kasi, msukumo wake unapungua, na petroli inanyonywa kupitia kitundu kidogo, kama zile pampu za mkono za kupulizia dawa ya mbu. Pana skrubu ya kurekebisha mchanganyiko na skrubu ya silensa, ule mngurumo wa gari likiwa limesimama. Baba alikuwa anazungusha skrubu hizo huku ameinamisha kichwa, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mbao. Sikio lake ndilo lilikuwa kipimo.

Halafu petroli yenyewe ilikuwa na risasi. Iliwekwa ili kuzuia injini kugonga, lakini iliacha masalia kwenye plagi, na plagi zikawa za kutolewa na kusuguliwa kwa brashi ya waya kila mara. (Karibu nchi zote za Afrika Kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ndiyo ikawa ya mwisho duniani, Julai 2021. Tuliokua baada ya hapo hatujui hata harufu yake.)

Kwa hiyo nikwambie ukweli: sidhani kama baba alikuwa na mapenzi ya ajabu na injini. Gari lilikuwa linamlazimisha. Alilijua kwa sababu lilimsumbua, na asingelijua asingefika kazini. Mama mpaka leo anakumbuka harusi ya mdogo wake aliyofika watu wanaosha masufuria. Ukimsikia mtu anasema magari ya zamani yalikuwa imara kuliko haya, muulize mkewe.

Kompyuta iliingia kupitia bomba la moshi

Wengi tunadhani kompyuta iliwekwa kwenye gari kwa ajili ya anasa. Chanzo kikubwa kilikuwa moshi. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya hewa safi iliyowabana watengenezaji wapunguze sumu inayotoka kwenye magari. Kuanzia magari ya 1975, mengi yakafungwa kwenye bomba la moshi kichujio cha kemikali chenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Kichujio hicho kina masharti mawili. Kwanza, risasi inakiua, ndiyo sababu mojawapo ya risasi kuondolewa kwenye petroli. Pili, kinafanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko unapokuwa sahihi, gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Kabureta, na sikio la baba likiwemo, haiwezi kushika kipimo hicho kwenye baridi na joto, mlimani na tambarare, foleni na barabara kuu.

Kompyuta inaweza. Bosch walikuwa wameshaanza mwaka 1967 kuuza mfumo wa kuingiza petroli kwa umeme kwenye Volkswagen, na kufikia miaka ya 1990 kabureta ilikuwa imeondoka kwenye karibu magari yote madogo mapya ya nchi tajiri. Badala ya koo na kitundu, sasa pana sensa ya kupima hewa inayoingia, nozeli zinazofunguka kwa elfu chache za sekunde, na sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi inayonusa kilichotoka na kutoa taarifa kwenye kontroli boksi: petroli imezidi, au hewa imezidi. Kontroli boksi inarekebisha, inanusa tena, inarekebisha tena, bila kuchoka.

Pointi nazo zikaondoka, nafasi yake ikachukuliwa na transista ambayo haina cha kulika. Kisha distribyuta nzima ikaondoka. IST yangu ina koili yake juu ya kila plagi, na plagi za iridiamu zinatajwa kudumu hadi kilomita 100,000. Yaani kazi zote zile za Jumamosi, moja baada ya nyingine, zilifutwa na wahandisi.

Na hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza, ambayo wazee hawaitaji wanapotulaumu. Gari limeacha kudai. Baba alisafisha pointi labda mara mia katika maisha yake. Mimi kabla ya sakata hili nilikuwa nafungua boneti kuongeza maji ya waipa, basi. Mkono hauwezi kuzoea kitu usichokigusa.

Kitabu kimeandikwa Kijapani

Sababu ya pili ni vitabu, na hii kwetu imekuja kwa namna yake.

Uingereza kulikuwa na mtu aliyeitwa John Haynes. Mwaka 1966 alitoa kitabu cha kwanza cha mfululizo wake wa kutengeneza gari nyumbani, kikihusu Austin-Healey Sprite. Utaratibu wake ulikuwa wa kitaahira kidogo lakini wa kweli: wanunue gari, walifumue lote, walifunge tena, huku kila hatua inapigwa picha. Vitabu hivyo vilisambaa dunia nzima. Baba alikuwa nacho kimoja cha Corolla, jalada limechanika, kurasa zina alama za vidole vya oili, na ukurasa wenye alama nyingi ndio unaokwambia gari lake lilikuwa na ugonjwa gani. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitangaza kuwa haitachapa tena vitabu vipya vya aina ile kwenye karatasi.

Sisi je, tumepata nini? Fungua droo ya dashibodi ya gari lolote la mtumba kutoka Japani. Kitabu kipo, kisafi kabisa, kimefungwa kwenye mkoba wake, na ni Kijapani mwanzo mwisho. Vibandiko chini ya boneti ni Kijapani. Mwanamke wa kwenye redio anakusalimia kwa Kijapani kila ukiwasha, na sisi tumemzoea kama jirani. Gari liliandaliwa kuzungumza na mwenyewe wake wa kwanza. Sisi wa pili na wa tatu hatujawahi kusoma hata ukurasa mmoja unaoeleza oili gani na kwa kilomita ngapi. Tunamuuliza fundi, naye alimuuliza fundi mwenzake. Ni mnyororo mzuri, ila kosa likiingia kwenye pete moja linakwenda nalo mpaka mwisho.

Hata hivyo namba hazina lugha. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha upepo wa tairi. Ukiona 220 kPa, hiyo ni karibu 32 kwenye kipimo tulichozoea cha psi. Mimi nilikuwa naambiwa "weka 40, gari liwe jepesi", na tairi zangu zililika katikati kama zimesuguliwa na tupa.

Tena tuwe wakweli kuhusu hapa kwetu. Marekani na Ulaya watu walishika spana nyumbani kwa sababu saa moja ya fundi ni ghali. Huku ufundi ni rahisi, spea ndiyo inayouma. Ukienda Gerezani au Kariakoo, au ukivuka mpaka ukaenda Barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, utapata mikono ya kukufanyia chochote kabla hujashuka kwenye gari. Kwa hiyo hata enzi za baba wenye magari wengi hawakujitengenezea. Walichofanya ni kusimama pembeni. Wakashika tochi, wakauliza, wakabishana bei ya gasketi, wakaona kinachotolewa na kinachorudishwa. Na kusimama pembeni, nadhani, ilikuwa nusu ya elimu yote.

Siku hizi tunaacha ufunguo. "Fundi, utanitumia meseji likiwa tayari." Mimi wikendi kila saa ninayokaa gereji ni abiria watatu niliowakosa. Na wakati mwingine hata ukitaka kujifanyia, utafanyia wapi? Chumba cha kupanga hakina uwanja, maegesho ya hosteli mlinzi hataki kuona jeki, na oili chafu ukiimwaga mtaroni unawapelekea wengine. (Chupa yake iko pale pale. Irudishe humo, wapelekee gereji.)

Mlinzi aliyefukuzwa kwa kupiga filimbi

Sasa turudi kwenye laki na nusu yangu.

Taa ya injini iliwaka. Silensa ikawa inapanda na kushuka, na kwenye foleni gari linatetemeka mpaka abiria anakuuliza kama liko salama. Gereji niliyokwenda wana mashine. Wakaichomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ikatoka kodi P0171. Jamaa akasoma akasema, "Sensa ya oksijeni imekufa." Nikaamini. Kompyuta imesema, mimi ni nani?

Kumbe kompyuta haikusema hivyo.

Kodi hizi zina maana iliyopangwa, si siri ya gereji. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa soketi na kodi kwa magari yote mapya kuanzia ya mwaka 1996, Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Nia ilikuwa kulinda hewa, lakini tunda lake ni kwamba fundi yeyote mwenye kifaa cha kawaida angeweza kusoma. P0171 maana yake mchanganyiko ni mwepesi, hewa imezidi petroli. Inaishia hapo. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa pampu ya mafuta imechoka, filta imeziba, nozeli chafu, sensa ya kupima hewa ina vumbi, au mpira umepasuka mahali na hewa inaingia kwa mlango wa uani bila kupimwa.

Na nani aliyetoa taarifa kwamba hewa imezidi? Ni ile ile sensa ya oksijeni. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa. Tulimfukuza mlinzi kwa kuwa amepiga filimbi, tukaajiri mwingine kwa laki na ishirini, naye siku ya tatu akapiga filimbi ile ile.

Nilirudi gereji. Sasa wakaniambia ni pampu. Nikaondoka.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja wa Gerezani, umri wangu au chini yangu, na nilichokiona pale ndicho kilichonifanya niandike makala hii. Hakufungua kitu. Alichomeka mashine ndogo kuliko ile ya kwanza, akasoma kodi, akaipita, akaenda kwenye namba zinazotembea. Humo kuna namba inayoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi kuliko hesabu ya kiwandani. Gari zima huchezea karibu na sifuri, juu kidogo, chini kidogo. Langu likiwa silensa lilikuwa 28 juu. Yaani kompyuta ilikuwa inamwaga zaidi ya robo ya petroli ya ziada ili kufukuzana na hewa isiyojua inatoka wapi.

"Kanyaga mpaka elfu mbili na mia tano, shikilia hapo."

Nikashikilia. Namba ikaanza kushuka. Ishirini, kumi na nne, tisa.

"Hewa," akasema, akazima.

Nikamwomba anieleze, akanieleza kwa lugha ambayo hata mimi wa uchumi niliielewa. Gari likiwa silensa, mlango wa hewa wa injini umekaribia kufungwa, kwa hiyo nyuma yake kuna mvuto mkali na hewa inayopita ni kidogo. Kama kuna tundu, mvuto huo unavuta hewa nyingi kupitia tundu, na katika hewa kidogo ya silensa, hiyo ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Ukikanyaga, mlango unafunguka, hewa halali inaingia kwa wingi, mvuto unapungua, na ile ya wizi inakuwa tone ndani ya ndoo. Ndiyo maana namba inashuka. Ingekuwa pampu imechoka ingekuwa kinyume: silensa ingeweza kuwa nzuri, halafu kadiri unavyotaka petroli zaidi ndivyo upungufu unavyozidi. Kipimo cha dakika mbili, bila kufungua skrubu hata moja, kilikuwa kimekwisha kuiondoa pampu kwenye orodha ya washukiwa.

Akapitisha mkono nyuma ya manifodi, akatoa kipaipu cha mpira kinachorudisha mvuke wa oili kwenye injini. Urefu kama kidole. Kwa juu kilikuwa kizima, kwa chini kimechanika kama kiatu cha mwalimu. Mpira mpya elfu nane, ufundi elfu kumi. Dakika ishirini, na karibu nusu yake tulikuwa tunatafuta kibano kilichoangukia chini. Hiyo kazi mimi naijua.

Pale nilibadili mawazo. Nilikuwa naamini umeme ndio uliotuibia ujuzi. Lakini Corolla ya baba isingeweza kumwambia mtu kwamba imezidiwa hewa kwa asilimia 28. IST inaeleza hali yake waziwazi kuliko gari lolote baba alilowahi kuliendesha. Kilichopotea ni hatua ya katikati, ile iliyo kati ya dalili na spea, ambayo ni kupima. Gereji ya kwanza ina mashine ya hela nyingi na bado inabahatisha. Inabadilisha kitu, inaangalia kama taa imezima, ikirudi inabadilisha kingine. Kubahatisha kwa namna hiyo hakumgharimu fundi chochote, kwa sababu kila bahati mbaya inalipiwa na mimi. Na itaendelea hivyo muda wote mwenye gari akiwa kwenye benchi anachati.

Milango iliyofungwa kweli

Isionekane kwamba natetea kila kitu. Kuna milango ambayo imefungwa kwa makusudi. Ufunguo wenye chipu hauwaki bila kuandikishwa kwenye kompyuta ya gari. Baadhi ya magari mapya ukibadilisha kioo cha mbele, kamera ya nyuma yake inabidi ipangwe upya kwa vifaa maalumu. Kuna spea ambayo hata ukiifunga vizuri gari linaikataa mpaka programu ya mtengenezaji iitambulishe.

Wenzetu wameligombania hili kwenye sanduku la kura. Jimbo la Massachusetts, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha watengenezaji wawape wenye magari na gereji huru taarifa za ufundi sawa na wanazowapa mawakala wao, na miaka miwili baadaye makubaliano kama hayo yakafanywa kwa nchi nzima. Mwaka 2020 wakapiga kura tena, kwa sababu magari yalianza kutuma taarifa zake hewani moja kwa moja kwa mtengenezaji bila kupitia soketi. Watengenezaji wakakimbilia mahakamani. Wanasheria wa kitivo cha jirani, hii ni yenu: magari hayo yatatufikia huku baada ya miaka kadhaa, mtumba, yakiwa na kufuli zake zote, na sijaona mtu analizungumzia.

Ninachofanya sasa

Sijajifunza kushusha injini, na sina mpango. Ila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, gari likiwa tambarare na limezimwa, navuta kijiti cha oili, nakifuta, nakirudisha, nakivuta tena. Naangalia maji kwenye chupa yake ya akiba. Rejeta yenyewe siifungui likiwa la moto, na wewe usifungue, maana maji ya mle yana msukumo na joto linalopita 100, yanakurukia usoni. Unga mweupe kwenye vichwa vya betri naumwagia maji ya moto na kusugua kwa mswaki wa zamani. Filta ya hewa naibadilisha mwenyewe. Nilijifunza kwa dakika tano na nikajiona profesa. Breki sigusi bila mtu anayejua pembeni, begi za hewa sigusi kabisa, na siingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa sekunde kumi.

Gereji siku hizi nasimama. Kabla ya spea yoyote nauliza, "Umepima nini?" Wengine wanakasirika, wengine wanafurahi kupata mtu wa kumweleza, na unajifunza haraka wa kurudi kwake ni yupi. Naomba kodi niipige picha. Kilichotolewa nakichukua. Na wakitaka kuchomoa betri kwanza "ili kompyuta ijisahau", nawazuia mpaka kodi isomwe, kwa kuwa ikijisahau inasahau na ushahidi.

Kisomeo nacho kilinipa somo. Kile cha bei chee cha kuunganisha na simu kilikataa kabisa kuongea na IST yangu. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani miaka ile hayafuati sawasawa lugha ya Marekani, ingawa soketi inafanana. Kwenye gari la mwenzangu la miaka ya karibuni kilifanya kazi vizuri. Basi tukachanga watu watatu tukanunua kinachoelewa Toyota za Japani, na kinazunguka hosteli kama pasi ya nguo.

Jumapili iliyopita nilimpigia baba nikiwa nimekaa ndani ya gari, limewaka, kisomeo kimechomekwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya, linasemaje?"

"Mbili nukta tatu."

"Juu au chini?"

"Juu."

"Silensa?"

"Silensa."

"Hebu sogeza simu karibu na boneti," akasema, "halafu kanyaga mpaka elfu mbili na nusu."